Kasoro za uso kwenye mabati ya zinki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wakaguzi wa viwandani, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa paa, ambao mara nyingi hubebeshwa lawama ya kosa lililotokea mbali kabisa na paa. Swali likitajwa kwa namba ndani ya jibu lingine, maelezo kamili yako kwenye namba hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Bati la zinki hutengenezwaje, na kwa nini mkaguzi ajali?

Koili ya chuma huoshwa mafuta kwa dawa ya moto yenye magadi, kisha hupita kwenye tanuru yenye nitrojeni na haidrojeni. Humo oksaidi iliyobaki juu ya chuma huondolewa. Kutoka hapo chuma huzama moja kwa moja kwenye chungu cha zinki iliyoyeyuka, bila kukutana na hewa ya nje. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419.5 za Selsiasi, na chungu huendeshwa kati ya 450 na 465 hivi. Chuma kikipanda kutoka chunguni, visu vya hewa hupuliza zinki ya ziada irudi chini. Hufuata kupoa, rola ya kulainisha uso, dawa ya kinga (mara nyingi ya kromiamu), na kukunjwa tena kuwa koili. Migongo hutengenezwa baadaye, pengine katika kiwanda kingine kabisa.

Kwenye chungu huongezwa aluminiamu kidogo, asilimia 0.15 hadi 0.25. Aluminiamu hiyo hujenga utando mwembamba sana kati ya chuma na zinki, unaozuia viwili hivyo kuchanganyika kupita kiasi. Mabati ya aluzinki ni jamii nyingine: asilimia 55 aluminiamu, 43.4 zinki na 1.6 silikoni kwa uzito, kwenye chungu cha nyuzi kama 600.

Unapaswa kujali kwa sababu kila hatua ina alama zake. Kazi ya uchunguzi si kuipa kasoro jina kwa kuitazama. Ni kujua ilizaliwa lini: kabla ya chungu, chunguni, au baada yake. Ukishalijua hilo, unajua nani arekebishe na kama mabati yaliyobaki stoo yako salama.

2. Maua makubwa kwenye bati ni kasoro?

Hapana. Maua ni fuwele za zinki zilizokua wakati wa kupoa. Risasi au antimoni kidogo kwenye chungu huyakuza. Zinki isiyo na risasi hutoa maua madogo au uso usioonyesha ua lolote. Bati lenye maua makubwa halina zinki nyingi zaidi kwa sababu hiyo. Vilevile bati kupoteza mng'ao na kuwa kijivu baada ya miezi juani si ugonjwa, maana huo ni utando wa zinki kaboneti, na ndio unaolinda zinki iliyo chini yake.

3. Z100, Z275 na AZ150 zina maana gani?

Namba ni gramu za utando kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Watu wengi hukosea hapo na kudhani ni kila upande. Z100 ni kama maikroni 7 kila upande, na Z275 ni kama 19. AZ150 ni ya aluzinki. Kwa kuwa aluzinki ni nyepesi, gramu hizo hutoa maikroni 20 hivi kila upande.

Geji ni habari nyingine. Geji 28 au 30 inaeleza unene wa bati tu. Bati nene linaweza kuwa na zinki kidogo, na jembamba likawa na zinki nyingi. Kwenye ankara dai vyote viwili: unene kwa milimita, na daraja la utando. Viwango vya Afrika Mashariki vinavyohusika ni EAS 11 kwa mabati ya zinki na EAS 410 kwa aluzinki.

## Kuanza uchunguzi

4. Nimeona kasoro. Nifanye nini kwanza?

Usifute na usikwangue. Uchafu unaotaka kuuondoa ndio ushahidi wenyewe. Vaa glavu safi, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi na huacha madoa yake.

Piga picha ukiwa umeweka rula kando ya kasoro, moja kwa mwanga wa juu na nyingine kwa tochi iliyolazwa karibu na bati. Mikwaruzo na vivimbe vingi havionekani mpaka mwanga uje kwa ubavu. Andika namba ya koili au ya shehena, upande (wa juu au wa chini), umbali kutoka ukingo, umbali kutoka mwanzo wa bati, na mwelekeo wa bati lilivyotoka mashineni. Maelezo kama "bati lina madoa" hayamsaidii mtu wa kiwandani. "Milimita 140 kutoka ukingo wa kushoto, upande wa juu, kwenye mabati yote ya bando" yanamwonyesha mahali pa kutazama.

Baada ya hapo ndipo ukate sampuli mbili: yenye kasoro, na nzima kutoka bati hilohilo. Bila sampuli nzima ya kulinganisha, hata maabara nzuri itakupa namba zisizokusaidia. Anza na vipimo visivyoharibu sampuli (lenzi ya mara 10, kitambaa chenye spiriti, kipima unene), umalizie na asidi.

5. Nitajuaje kama kosa liko kwenye chuma au kwenye zinki?

Vua zinki. Weka kipande chenye kasoro kwenye asidi iliyoelezwa swali la 15, subiri mapovu yaishe, suuza, kausha haraka, kisha tazama palepale kwa lenzi.

Alama ikibaki kwenye chuma tupu (mkwaruzo, shimo, mstari mweusi, mabaki ya magamba ya chuma), ilikuwapo kabla ya chungu, na zinki iliifunika tu. Chuma kikiwa safi na laini pale palipokuwa na alama, kosa ni la chungu, la visu vya hewa au la hatua za baadaye.

Kuna hali ya kati inayodanganya: kipande kigumu kikigandamizwa baada ya kupakwa, hutoboa zinki na kuacha shimo kwenye chuma pia. Itambue kabla ya kuvua. Ukiwa bado na zinki, angalia kingo za shimo. Zinki ikiwa imejaa ndani ya shimo na kufuata umbo lake, shimo lilitangulia. Ikiwa imesukumwa pembeni, imepasuka au imekwanguliwa iking'aa, shimo lilikuja baadaye. Ndiyo maana picha za lenzi hupigwa kabla ya asidi. Ukishavua, ushahidi huo haurudi.

6. Alama inajirudia kila baada ya umbali uleule. Inatoka wapi?

Hiyo ni rola, na bahati ni yako, kwa sababu rola hujitaja yenyewe. Pima umbali kati ya alama moja na inayofuata, ugawe kwa 3.1416, upate kipenyo cha rola. Alama zikiachana milimita 1,885, tafuta rola ya milimita 600. Zikiachana milimita 628, kipenyo ni 200, na hapo mashine ya kutengeneza migongo huwa mshukiwa wa kwanza, hasa kama alama ziko kwenye kilele au ubavu wa mgongo peke yake.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. Kwanza, rola husagwa upya zikichakaa, hivyo tumia kipenyo kilichoandikwa kwenye daftari la matengenezo, si cha mchoro wa mashine. Pili, bati hurefuka kidogo likipita rola ya kulainisha. Alama iliyozaliwa kabla yake itakuwa imetanuka kwa asilimia ileile, na iliyozaliwa kwenye mtambo wa kubana chuma itakuwa imetanuka mno. Tatu, bati la mita 3 huonyesha alama moja au mbili tu. Yapange mabati kwa mfuatano yalivyokatwa, kichwa kwa mkia, upime kuvuka mabati kadhaa, kisha ugawe kwa idadi ya nafasi. Kama bando limeshachanganywa, kipimo hiki kimekufa.

## Kasoro moja moja

7. Unga mweupe kati ya mabati yaliyopangwa ni nini?

Ni kutu nyeupe, lalamiko la kawaida kuliko yote kwenye mabati mapya. Zinki ikilowa mahali penye hewa ya kutosha hujenga utando wa kaboneti na kutulia. Maji yakinaswa kati ya mabati mawili yaliyobanana, hewa haiingii, kaboneti haijengeki, na zinki huendelea kugeuka haidroksaidi nyeupe, nyepesi kama chokaa.

Maji hayo si lazima yawe ya mvua. Kontena likitoka baharini usiku wenye baridi na kufunguliwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam kwenye joto lenye unyevu, umande hutua juu ya bati na kupenya katikati ya bando bila tone la mvua. Acha koili ipate joto la ghala kabla ya kuifungua. Hifadhi mabati ndani, juu ya mbao kavu, upande mmoja ukiinuliwa ili maji yateremke. Turubai likivutwa likagusa sakafu hufungia unyevu badala ya kuuzuia. Acha pembeni pawe wazi hewa ipite.

Ukitaka kujua lawama ni ya nani, angalia mpangilio. Madoa yaliyoanzia kingoni kuingia ndani yanaonyesha maji yaliyoingia njiani au stoo. Yaliyo katikati ya koili, na kingo safi, yanaelekeza kiwandani: koili ilikunjwa ikiwa na unyevu, au dawa ya kinga haikukauka.

8. Mabati yenye kutu nyeupe yanafaa kutumika?

Mengi yanafaa, ila usiyakubali kwa macho tu. Yatenganishe na kuyakausha siku hiyohiyo. Unga mwepesi utoe kwa brashi ngumu ya nailoni na maji safi. Ulioshika utoe kwa siki au asidi ya sitriki iliyozimuliwa, kisha suuza vizuri na ukaushe. Brashi ya waya wa chuma itakula zinki na kuacha chembe za chuma zitakazoota kutu.

Halafu pima unene palepale palipokuwa na doa (swali la 14) na ulinganishe na sehemu nzima. Kutu nyeupe hujaza nafasi kubwa kuliko zinki iliyoizaa, kwa hiyo doa la kutisha linaweza kuwa limekula maikroni moja tu. Kwa Z275 hiyo si hasara kubwa. Kwa Z100 yenye maikroni 7 hesabu ni kali zaidi. Doa likiwa jeusi na lenye vishimo, au limeanza wekundu, kataa bati hilo.

9. Kuna vidoa vidogo visivyo na zinki. Nitathibitishaje?

Tumia mrututu, uleule unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Yeyusha kidogo kwenye maji, futa bati kwa spiriti, weka tone moja juu ya kidoa. Juu ya zinki tone huacha uchafu mweusi unaofutika. Juu ya chuma tupu huacha shaba nyekundu inayong'aa na kung'ang'ania. Suuza mara moja na usitumie kipande hicho tena. Kipimo hiki ni cha zinki, si cha aluzinki.

Vidoa hivi hutokea pale zinki ilipokataa kushika: mafuta au vumbi la chuma halikuoshwa, tanuru ilivuja hewa, au majivu ya zinki yalidondokea chuma kabla hakijazama. Chuma chenye manganisi na silikoni nyingi husumbua zaidi, maana oksaidi zake haziondolewi kirahisi na haidrojeni. Vidoa vikifuata mstari mmoja wa urefu, kagua pua za kuoshea, kwani huenda moja imeziba.

10. Uso una punje ngumu zinazokwaruza kiganja.

Ni takataka za chungu: madini ya chuma na zinki, mara nyingi yakiwa na aluminiamu, yaliyoganda ndani ya zinki na kubebwa na bati. Nyepesi huelea na nzito hulala chini. Huongezeka joto la chungu linapopandapanda na kushuka, na anayeondoa uchafu wa juu akikoroga chungu badala ya kuukusanya taratibu. Kwenye bati la kupakwa rangi zinaudhi zaidi, kwa kuwa rangi huzionyesha wazi badala ya kuzificha.

11. Mistari au mawimbi kwenye utando husababishwa na nini?

Mstari mmoja mnene, daima kwa umbali uleule kutoka ukingo, ni mdomo wa kisu cha hewa ulioziba kwa tone la zinki. Mawimbi ya kukata upana yanatokana na shinikizo la hewa, umbali wa kisu au mtikisiko wa bati. Kingo nene hutokea hewa ya visu viwili inapogongana nje ya bati. Koili yake hukunjwa ikiwa na mabega, na kingo huvutika.

12. Zinki inabanduka bati linapokunjwa.

Tofautisha kupasuka na kubanduka. Nyufa nyembamba kwenye mkunjo mkali ni kawaida. Magamba yanayotoka na kubaki kwenye utepe wa gundi ni kasoro. Sababu kuu ni aluminiamu kupungua chunguni, ambapo tabaka la chuma na zinki hunenepa na kuwa kavu kama gamba la yai, au chuma kuingia chunguni kikiwa kichafu. Kwanza hakikisha daraja la chuma: mabati mengi ya paa ni chuma kigumu cha G550, na hicho hakijatengenezwa kukunjwa hadi kulaliana. Kukihukumu kwa mkunjo huo ni kukionea.

13. Alama nyeusi zilizojitokeza safarini?

Ni mabati kusuguana kwenye gari. Alama za bati la juu hulingana na za bati la chini kama kioo, na hujikusanya chini ya kamba au kwenye mbao za kuegemea. Dawa yake ni kufunga bando imara. Bando linalocheza husuguana hata barabara ikiwa ya lami.

## Kupima

14. Kipima unene cha sumaku kinanipa namba zinazobadilikabadilika. Kwa nini?

Kwa sababu bati ni jembamba. Kifaa hutarajia chuma nene chini ya utando, na chuma cha milimita 0.3 hakitoshi. Kiweke sifuri juu ya kipande cha bati hilohilo kilichovuliwa zinki, si juu ya kipande nene kilichokuja nacho. Pima sehemu bapa, mbali na kilele cha mgongo, usomaji usiopungua mitano kila sehemu, kisha chukua wastani. Maikroni mara 7.14 hukupa gramu kwa mita ya mraba za upande huo. Kwa aluzinki zidisha kwa 3.75. Namba hizi ni za kuchuja shehena. Ugomvi wa malipo huamuliwa kwa mizani.

15. Kipimo cha asidi kinafanywaje?

Njia ni ya ISO 1460. Yeyusha gramu 3.5 za heksamini kwenye mililita 500 za asidi ya haidrokloriki kali, kisha ongeza mchanganyiko huo kwenye maji hadi ujazo wa lita moja. Heksamini hulinda chuma kisiliwe. Fanya kazi ndani ya kabati la mvuke, mbali na moto, kwa kuwa mapovu ni haidrojeni.

Kata vipande vitatu kwa upana wa bati: katikati, na kimoja milimita 50 kutoka kila ukingo. Kila kimoja kisipungue milimita za mraba 5,000. Safisha kwa spiriti, kausha, pima kwa mizani ya miligramu, zamisha hadi mapovu yaishe, suuza, kausha, pima tena. Kipande cha milimita 100 kwa 100 kilichoshuka kutoka gramu 24.512 hadi 23.560 kimepoteza 0.952. Zidisha kwa 100: gramu 95.2 kwa mita ya mraba.

Je, Z100 hiyo imefeli? Bado. Wastani wa vipande vitatu unatakiwa kufika 100, lakini kipande kimoja kinaruhusiwa kushuka hadi 85. Kwa Z275 kipande kimoja kisishuke chini ya 235.

16. Ni lini inafaa kulipia darubini ya elektroni?

Baada ya maswali ya 4 hadi 6 kushindwa kutoa jibu, si kabla. Uliza swali mahususi: kuna klorini kwenye doa (maji ya chumvi), kalisi na silikoni (saruji au vumbi), chuma pamoja na aluminiamu kwenye punje (takataka za chungu)? Kama sampuli itakatwa na kung'arishwa, sisitiza hatua ya mwisho ifanywe kwa ethanoli. Maji hula zinki na kuchora madoa ambayo hayakuwapo.

## Malalamiko ya paani na hali za pembeni

17. Paa limeota kutu nyekundu ndani ya miaka miwili. Ni kasoro ya kiwandani?

Si lazima. Kiwango cha ISO 9223 kinaipa zinki ulaji wa maikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka kwenye mazingira ya C3 (daraja la kati la ukali wa hewa kwa metali), na 4.2 hadi 8.4 kwenye C5 (daraja kali sana), kama kando ya mawimbi ya bahari. Z100 ya maikroni 7 ikiwekwa kwenye C5 inaweza kumalizika kabla ya miaka miwili bila kosa lolote la utengenezaji. Kosa hapo ni la aliyechagua daraja hilo kwa nyumba ya ufukweni. Vua kipande kutoka sehemu iliyolindwa na mvua, kama chini ya kofia au kwenye mlalo wa bati juu ya bati, upate makadirio ya zinki iliyokuwapo mwanzoni.

18. Vidoa vyekundu vimeonekana siku chache baada ya kuezeka.

Futa kwa kidole kilicholowa. Vikitoka, ni chenga za chuma za kutoboa skrubu au cheche za grenda. Paa hufagiwa siku ileile, na bati hukatwa kwa mkasi, si kwa diski inayochoma utando. Ukingo uliokatwa ukiwa na wekundu kidogo usikutishe: zinki ya jirani hujitoa kulinda chuma hapo.

19. Rangi ya mafuta imebanduka kwenye bati la zinki.

Mara nyingi bati halina kosa. Rangi za alkidi huchanganyika na zinki na kugeuka sabuni chini ya rangi, kisha ganda lote huachia. Tumia praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki.

20. Aluzinki yangu imekuwa nyeusi badala ya nyeupe.

Aluzinki ikilowa kwenye bando hufanya hivyo. Chanzo ni kilekile cha swali la 7. Ongeza tahadhari mbili zake: saruji mbichi na chokaa huila haraka kwa sababu ya aluminiamu, na mistari ya penseli huacha njia za kutu. Pima kwa kalamu ya wino.

21. Naweza kurekebisha sehemu iliyokosa zinki?

Mkwaruzo mdogo, ndiyo: sugua kwa msasa laini, futa kwa spiriti, paka rangi yenye zinki nyingi mara mbili. Bati lenye vidoa vya swali la 9 vilivyotapakaa lirudishwe. Kupaka kidoa kimoja kimoja huacha vile ambavyo jicho halikuviona.

22. Maelezo haya yanahusu pia nguzo na fremu zilizochovywa baada ya kuchomelewa?

Hapana. Hizo hufuata ISO 1461, utando wake ni mnene zaidi, na rangi ya kijivu isiyong'aa hutokana mara nyingi na silikoni iliyo ndani ya chuma. Kipimo cha unene na tone la mrututu bado vinafaa, ila kipima unene hakihitaji sifuri ya swali la 14 chuma kikiwa nene.